Kipimo Haambiwi

Kazi yangu ilikuwa kushindwa. Usicheke. Wengine wanaponda kokoto, wengine wanafagia barabara, mimi nilikuwa nakaa kwenye kiti kinachozunguka, nashika rimoti ya gemu kwa mikono miwili, na kushindwa mpaka saa ya kwenda nyumbani. Na nikwambie, kushindwa kunachosha kuliko kokoto. Mponda kokoto angalau jioni anaona lundo.

Nilianzia mapokezi. Kampuni ilikuwa ghorofa ya juu kabisa ya jengo ambalo lifti yake ilifanya kazi inapojisikia. Vyumba vitatu, nyaya kila mahali, na vijana waliovaa visikizio kutwa nzima. Ukiwasalimia wanakujibu kwa nyusi. Wao walitengeneza gemu za kwenye simu na kompyuta, mimi nikapokea wageni na vifurushi. Siku moja Bosi akanikuta nimekaa bure, akanipa rimoti akaniambia nijaribu kidogo. Kwenye skrini kulikuwa na kijana aliyetakiwa kufungua mlango. Nilimgongesha ukutani yule mtoto wa watu mpaka nikamwonea huruma. Vijana wakaja kunizunguka, wanacheka kwa kuziba midomo. Bosi hakucheka. Alinitazama kama mtu aliyeokota kitu njiani na anaomba mwenyewe asitokee.

Baadaye nilielewa. Mpishi aliyeonja mchuzi tangu asubuhi hajui tena kama chumvi imezidi. Wale vijana walikuwa wameonja gemu zao mpaka ulimi umekufa ganzi. Kila kitu kwao kilikuwa rahisi, halafu wanunuzi wanakwama mlangoni na kutukana. Walihitaji mtu asiyejua kitu, na asiyejua kitu alikuwa ameketi mapokezi miaka yote. Basi wakaajiri binti mwingine wa kupokea simu, mimi nikapewa kiti na jina. Kipimo.

Sheria ilikuwa moja, na iliandikwa ukutani kwa herufi kubwa juu ya skrini yangu: KIPIMO HAAMBIWI. Yaani nikicheza, hakuna ruhusa ya kuninong'oneza, kunionyesha kidole, wala kukohoa kwa maana. Nikikwama nahangaika mwenyewe. Nikikwama mpaka nikaweka rimoti chini, basi pale mahali panalegezwa. Shimo linafukiwa kidogo, adui anapunguzwa mbio. Sikujua wakati ule kwamba wamenipa mamlaka makubwa kuliko ya Bosi mwenyewe.

Nyumbani tulikuwa tumebaki wawili, mimi na mume wangu. Yeye ni fundi cherehani, lakini macho yalikuwa yamemwingia ukungu, yote mawili, na uzi ukakataa kuiona sindano. Cherehani tukaifunika kitambaa kama maiti. Daktari alisema macho yanapona kwa upasuaji, na upasuaji ungelipwa na bima ya kazini kwangu, tulikuwa tunasubiri kupangiwa tarehe. Kila jioni nikifika, hata viatu sijavua, alinitania:

"Mama watoto, leo umeshindwa vizuri?"

Namjibu, nimeshindwa mpaka basi. Anacheka. Lakini sote tulijua kwamba macho yake yako kwenye kile kiti changu.

Sasa pale kazini kulikuwa na ugomvi usiokwisha. Upande mmoja Bosi. Upande wa pili binti mmoja mbunifu wa hatua za gemu, mwembamba, mkimya, tuliyemwita Miiba kwa sababu kila alichotengeneza kilichoma. Bosi alisema gemu ni starehe. Mtu ametoka kazini, mgongo unamuuma, unamwekea mlima wa nini? Kuvuja kwa pakacha nafuu kwa mchukuzi, alipenda sana kusema hivyo. Miiba alisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na gemu ambayo huwezi kushindwa haijakuheshimu, imekudharau. Bosi akizidiwa, alinionyesha mimi kwa mkono. Mfikirie mtu kama Mama hapa, alisema, amechoka. Miiba anarudi kwenye kompyuta yake.

Nilikuwa nakereka, nisiseme uongo. Kuchoka nilikuwa nimechoka kweli. Lakini nani alimwambia kwamba aliyechoka anataka uji? Tabu zangu mimi hazikuwa na mwisho. Vyombo unaviosha leo, kesho vipo. Foleni ya hospitali unaipanga, inarefuka mbele yako. Nilichotaka ni tabu moja tu yenye mwisho, nihangaike nayo, niipite, niseme hii nimeimaliza. Na Miiba naye alikuwa na makosa yake mwanzoni. Jiwe linakudondokea kichwani bila dalili yoyote. Huo si ugumu, huo ni ukosefu wa adabu. Ugumu wenye heshima unakuonya kwanza, kisha ukipuuza unakula. Hayo yote nilikuwa nayo kifuani, na hayakutoka, kwa sababu walikuwa wanaviuliza vidole vyangu. Mimi mwenyewe hakuna aliyeniuliza.

Na hapo ndipo waliposahau kitu ambacho ni watu wenye akili nyingi tu wanaoweza kukisahau. Walisahau kwamba kipimo kina kichwa. Huwezi kumkalisha mtu mzima mbele ya gemu kutwa, mwezi nenda mwezi rudi, ukategemea abaki mjinga. Nilijifunza. Sikukusudia. Siku moja tu, tulipokuwa kwenye gemu ya paka na paa za nyumba, vidole vyangu viliruka pengo ambalo siku zote lilinimeza, vikaruka na la pili, na la tatu. Nikafurahi kama mtoto. Furaha haikufika hata dirishani. Nikawaza, Bosi akiona hili, atatafuta mjinga mwingine. Kiti kinakwenda, bima inakwenda, na macho ya mzee wangu yanakwenda nayo.

Nikamwangusha paka. Nikaguna, nikaweka rimoti chini, pengo likafupishwa.

Tangu siku hiyo nikawa naanguka kwa makusudi. Usidhani ni rahisi. Kujifanya hujui mbele ya watu wanaojua ni kazi kuliko kujua. Ile gemu ya paka nililegeza kila pembe mpaka ikawa kama kutembea sebuleni. Ilipotoka, watu waliicheza siku moja wakaifuta kwenye simu zao. Bosi akasema bila shaka bado ilikuwa ngumu. Miiba alitazama meza. Mimi nikatazama rimoti.

Kisha ikaja gemu ya mchukuzi. Mwanamke mmoja ana mtungi wa maji kichwani, anautoa bondeni kwenda kijiji cha juu ya mlima. Basi, hadithi yote ni hiyo. Hatua ya mwisho ni daraja la kamba lenye upepo. Upepo ukikukuta umesimama wima, unaanguka na mtungi unapasuka, unaanza upya. Lakini kwenye nguzo ya daraja Miiba alikuwa amefunga kitambaa chekundu, na kitambaa kinatikisika kabla upepo haujafika. Ukikitazama, unachuchumaa, upepo unapita juu yako. Ukitazama miguu yako, umekwisha. Hakuna maandishi wala mshale wa kukwambia. Kitambaa tu, kiko wazi, kila mtu anakiona na karibu kila mtu hakitazami. Nilipokielewa mwili ulinisisimka. Huu ndio ule ugumu wenye adabu niliokuwa nautaka.

Na nikawa naanguka hapo kila siku. Katikati ya daraja, nasubiri, naanguka.

Bosi akatangaza kwamba Ijumaa ndiyo mwisho. Wote watakusanyika, Kipimo atacheza daraja, akishindwa upepo unatolewa na mchukuzi anapita zake. Gemu ilikuwa imechelewa, na kampuni baada ya ile ya paka ilikuwa na maji ya shingo.

Alhamisi nilikuwa kwenye kijichumba cha chai nasuuza kikombe, Miiba akaingia akafunga mlango. Alijaza birika maji, akaliwasha, akakaa akilitazama mpaka likaanza kuvuma. Kisha akasema, bila kugeuka:

"Mama, unaanguka vizuri mno."

Nikajifanya sikusikia vizuri. Akageuka.

"Asiyejua anaanguka hovyo. Anaanguka mwanzoni, anaanguka hata pasipo na upepo. Wewe unaanguka palepale kila siku. Na kabla hujaanguka unakitazama kitambaa. Nimekuwa nayaangalia macho yako, sio skrini."

Nilitaka kukana. Nikashika kikombe kilichokuwa kisafi tayari, nikakisuuza tena.

Hakunikaripia, na afadhali angenikaripia. Alisema hatamwambia Bosi, anajua habari za mzee wangu, alishanisikia nikiongea na hospitali kwenye simu. Alisema tu kwamba lile daraja amelala nalo na kuamka nalo, na kesho litabaki ubao wa kupitia. Alitaka nijue kwamba anajua, basi. Akamimina chai yake akatoka. Sikulala vizuri usiku ule, na asubuhi nilipanda ngazi zote kwa miguu kwa sababu lifti iligoma, huku najiambia neno moja kila ghorofa: anguka, weka chini, nenda nyumbani.

Ijumaa wakakusanyika nyuma ya kiti changu. Bosi alikaa pembeni, amekunja mikono. Miiba alisimama karibu na mlango. Nikashika rimoti, mchukuzi akakanyaga daraja.

Nilikuwa nimeamua kuanguka mapema, hovyo, kama Miiba alivyosema kwamba asiyejua anaanguka. Kitambaa kikatikisika. Nikajiambia simama wima. Vidole vikachuchumaa. Ndivyo vilivyo vidole, ukivifundisha kitu kwa kujificha havikuombi ruhusa siku ya kukionyesha. Upepo ukapita. Nyuma yangu mtu mmoja akavuta pumzi. Nikasonga, kitambaa tena, nikachuchumaa tena, nikafika katikati, pale pangu pa kuangukia siku zote. Nikapapita.

Sasa nilikuwa mahali ambapo sijawahi kufika. Si unaona, kwa kuanguka kila siku katikati nilikuwa sijui ng'ambo kuna nini. Kulikuwa na nguzo ya pili, ina kitambaa chake, na vile vitambaa viwili havikukubaliana. Kimoja kinatikisika kingine kimetulia. Nikasita, nikatazama hiki, nikatazama kile, upepo ukanibeba kutoka upande nisioutegemea. Mtungi ukapasuka.

Ile ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kushindwa kweli. Nilipandwa na hasira, hasira tamu, sijui niieleze vipi. Mashavu yalinichoma. Nikaanza upya kabla watu hawajamaliza kuguna. Nikaanguka palepale ng'ambo. Nikaanza tena. Mzoea vya kunyonga vya kuchinja haviwezi, walisema wazee, na mimi nilikuwa najifunza kuchinja mbele ya ofisi nzima.

Sijui niliendelea kwa muda gani. Vijana walikuwa wamevua visikizio. Bosi akasema basi Mama, tumeona, weka chini. Sikuweka. Akacheka kidogo, akarudia. Nikamwambia bado. Akamgeukia Miiba, akamwambia imetosha, hata Kipimo anataabika, upepo utoke leo hii.

"Usiuguse," nikasema.

Bosi alinijibu kwa upole, kama mtu anayemrudisha mgeni aliyeingia chumba kisicho chake. Alisema Mama, wewe cheza tu, maoni tuachie sisi.

Nikaipumzisha rimoti mapajani, lakini sikuiachia.

"Mimi najua kucheza," nikamwambia. "Najua tangu gemu ya paka. Nimekuwa naanguka makusudi ili nibaki kwenye kiti hiki. Leo ndiyo nashindwa kweli, na sitaki mtu anisaidie."

Nilitegemea atafoka. Hakufoka. Alikaa akinitazama, na nikaona anahesabu kichwani kila shimo alilofukia kwa ajili yangu, kila pengo alilofupisha. Aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akaniuliza swali moja tu, kama ile ya paka ilikuwa nzuri kabla sijailegeza. Nikamwambia ndiyo, ilikuwa nzuri sana. Akafunika uso kwa viganja. Nilimwonea huruma kuliko nilivyojionea mwenyewe. Alisema hawezi kunibakiza, na mimi kwa haki gani ningebisha? Mapokezi palikuwa na mtu. Kipimo kinachojua si kipimo tena.

Miiba alinibebea mkoba mpaka chini, ngazi zote. Barabarani akaniambia upepo umebaki. Bosi amesema uachwe, hakueleza kwa nini. Kisha akaanza kuniambia kuhusu vile vitambaa viwili, kwamba siri yake ni ndogo tu, ukishaijua—

"Nyamaza," nikamwambia. "Kipimo haambiwi."

Akacheka, halafu akalia, akanikumbatia hapo mbele ya walinzi.

Jioni mzee wangu akaniuliza swali lake. Mama watoto, leo umeshindwa vizuri? Nikakaa kitandani na viatu vyangu.

"Leo nimeshindwa kweli," nikasema, nikamweleza yote.

Usidhani alinibembeleza. Alikasirika, na alikuwa na haki. Kwa ajili ya upepo, aliuliza, upepo wa kwenye kioo? Mimi macho yangu yameuzwa kwa upepo usiotikisa hata pazia? Nikalia. Siku kadhaa tulikula kila mtu na sahani yake. Bima ilikatika mwisho wa mwezi, tukajiandikisha hospitali ya umma, foleni ya huko unaijua. Nikapata kibarua cha kupiga pasi kwa dobi mmoja. Miguu iliniwaka moto kila jioni, ila nguo zilizokunjwa nilikuwa naziona.

Kisha siku moja, tunakunja mashuka yetu wenyewe, akaniuliza ghafla, lile daraja lilikuwaje? Nikamweleza. Kamba, mtungi, kitambaa chekundu. Akatikisa kichwa. Akasema alipokuwa anafundishwa kushona, mwalimu wake alimfumulisha mfuko mmoja wa suruali mpaka kitambaa kikachakaa, hakumwonyesha kosa liko wapi, na alimchukia sana. Kisha akasema lakini mifuko ya suruali zake haijawahi kutoboka. Hakusema amenisamehe, na sikumwuliza.

Gemu ilitoka. Niliisikia kwanza kwa dobi, mteja mmoja analitukana daraja. Mwendawazimu gani kaweka upepo huu, alisema, huku kidole hakiachi kioo. Nilikunja shati lake vizuri kuliko mashati yote ya siku ile.

Tarehe ya hospitali nayo ikafika, polepole, lakini ikafika. Tulikaa kwenye benchi la ukumbi wa macho, mzee wangu ametiwa matone, amefumba, ameegemea ukuta. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, viatu vyake vimekanyagwa visigino, uso umechoka kama wangu. Alikuwa amemsindikiza mtu aliyekuwa ndani kwa daktari. Akatoa simu, na kwenye kioo nikamwona mchukuzi wangu na mtungi wake.

Alianguka mwanzoni tu. Akaguna. Akaanguka tena. Alikuwa anatazama miguu, miguu, miguu tu. Kile kitambaa kilikuwa kinapunga mbele ya macho yake kama jirani anayekuita kutoka ng'ambo ya barabara. Ulimi uliniwasha kumwambia. Akashusha simu mapajani, akafumba macho, nikajua sasa ataizima. Hakuizima. Aliiinua tena.

Alipoanguka kwa mara nyingine akanigeukia, labda alihisi namchungulia.

"Dada, wewe unaijua hii gemu? Hapa napitaje?"

Mzee wangu akafumbua mdomo bila kufumbua macho. "Huyu?" akasema. "Huyu ndiye aliye—"

Nikamfinya goti.

"Siijui," nikamwambia yule mama.

Akashusha pumzi, akarudi kwenye kioo. Akaanguka. Akaanza. Muuguzi akatokea mlangoni akaita mwenye mgonjwa, akaita tena, na yule mama akainua mkono mmoja, subiri kidogo, huku macho hayaondoki kwenye daraja. Nikaona yanapanda. Yameacha miguu, yanapanda nguzo, polepole, yanatafuta.

Mzee wangu akaninong'oneza, ameshavuka?

"Bado," nikamwambia. "Tulia."